Sifuri Nukta Sifuri

Wifi yangu tulimwita Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Mtu gani anasimama katikati ya njia kusoma kibao cha duka la dawa, watu wanamkwepa na mizigo yao kichwani, kisa namba na kipimo chake zimebanana bila nafasi? Yeye. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya kitaalamu katika taasisi ya utafiti wa maji, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye uboho. Ukimpa chupa ya dawa ya kikohozi anasoma lebo kwanza, si kujua anywe kiasi gani, bali kuona kama walioiandika wana adabu.

Alinieleza mara nyingi, nami nimeinamia cherehani yangu nikimsikiliza kwa sikio moja. Namba na kipimo chake, alisema, ni mume na mke. Lazima pawe na nafasi ndogo ya kupumulia kati yao, lakini hawaruhusiwi kulala mistari miwili. Namba ikibaki mwisho wa mstari, kipimo kikaangukia mwanzo wa mstari unaofuata, kwake hiyo ilikuwa talaka. Ndiyo maana hakuwa akichapa vipimo kwa mkono kama sisi tunavyoandika barua. Alikuwa na mfumo wa kupangia kurasa kwenye kompyuta. Anaupa amri, namba ni hii, kipimo ni miligramu kwa lita, na mfumo wenyewe unaichora kwa sura ileile kuanzia jalada hadi jalada. Akitaka sura nyingine, hashughuliki na ukurasa mmojammoja. Anabadilisha mstari mmoja tu kule juu kabisa, na kitabu kizima kinatii. Nilimwambia natamani kaka yake angezaliwa na mstari kama huo. Tulicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Tulikuwa nyumba moja: mimi, mama mkwe, Nukta na binti yangu. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na nyumbani anakuja kama mgeni, anakula, anasifu, anaondoka. Binti yetu tulimwita Chiriku kwa sababu hakuwa akinyamaza. Aliongea na vitambaa nilivyokuwa nashona. Aliongea na viatu vyake akivivaa, kimoja akikigombeza kwa kuchelewa. Jioni alimngoja shangazi yake mlangoni na habari za kutwa nzima, nani kapita, nani kanuniana na nani, paka wa jirani kazalia wapi, na Nukta alilazimika kusikiliza yote kabla ya kuruhusiwa kuvua viatu. Mama mkwe alisema nyumba yenye mtoto huyu haiwezi kuwa na siri.

Mwisho wa mtaa palikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya umeme na safu ya mabomba. Maji yalitoka kwa nguvu, baridi, meupe, na karibu. Tatizo ni ukuta uliokuwa nyuma yake. Ng'ambo ya ukuta huo ilikuwa karakana ya betri kuukuu za magari. Walizipasua kwa shoka, wakamwaga asidi yake mferejini, wakayeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani, na siku za upepo moshi wake ulitukaa kooni. Hatukuwa wajinga. Wengi wetu maji ya pale tulifulia na kupigia deki tu. Ya kunywa tuliyafuata kwenye bomba la ng'ambo ya barabara kuu, tukipanga foleni na kugombana, tukirudi na shingo zinazouma.

Kisha taasisi ikatangaza kwamba inapima visima vya mji mzima. Wakaja watu wenye chupa na glavu, wakajaza, wakafunga, wakaandika kwenye vizibo, wakaenda zao. Kitabu cha matokeo kilikuja kuangukia mikononi mwa wifi yangu akipange.

Mkuu wa kitengo chake nilimwona baadaye, nitafika huko. Ni mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mbavu, na majedwali alitaka yanyooke kama shati lake. Rasimu ya kwanza alimrudishia Nukta. Alisema namba nyingine zina tarakimu tatu baada ya nukta, nyingine mbili, nyingine moja, na jedwali lina mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Afuate utaratibu wa taasisi: tarakimu moja tu baada ya nukta, kwa namba zote. Na kusema kweli, kwa chumvi na chokaa, ambazo ni mamia ya miligramu, nani atalilia vijipande vya mwisho? Nukta akaongeza mstari mmoja kule juu. Kitabu kizima kikatii.

Alirudi nyumbani na ukurasa wetu mkononi kabla hata kitabu hakijatoka. Hakuvua viatu. Alisogeza mkasi wangu, akautandaza ukurasa mezani, akapitisha kidole kwenye mstari wa kisima cha mtaa wetu mpaka kwenye safu ya risasi.

"Sifuri nukta sifuri, wifi," alisema. "Nimeipanga kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama mkwe akaomba asomewe tena, na tena. Halafu akasema kwamba mtu akiletewa habari na mtoto wa kwao hana haja ya kuuliza mara mbili, ingawa yeye alikwisha kuuliza mara tatu. Kitabu kilipotoka, kamati ya mtaa ilibandika ukurasa ule kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, ndani ya nailoni, muhuri wa taasisi unaonekana vizuri. Watu walimwita Nukta aje awasomee. Akasimama pale, mtoto wa nyumba yetu, akawasomea safu kwa safu, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika ndoo, nimejaa fahari kama mama wa bibi harusi. Tuliipenda sifuri ile. Akipenda, chongo huita kengeza. Bomba la ng'ambo ya barabara tukaliacha.

Chiriku alianza na tumbo. Lilikuwa linamkata, linaacha, linamkata tena, na hapati choo. Akawa anasukuma sahani. Mashavu yakapauka, na yule mtoto aliyekuwa akicheka na viatu vyake akawa na hasira za ghafla, anarusha vitu, anang'ata. Tulimpa dawa za minyoo, kwa sababu mtoto akiumwa tumbo kila mtu mtaani ni daktari. Maneno yalikuja kuondoka polepole, na hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba yaliondoka polepole hivyo nami nikiwa nimekaa palepale nikishona. Kwanza aliacha habari za kutwa. Kisha majina ya vitu yakaanza kumtoka, akasema kile, kile, akikunja ngumi. Kisha akawa ananyoosha kidole tu.

Kwenye zahanati ya karibu mganga aliniuliza tunakunywa maji gani. Nilimjibu kwa maringo. Nilimwambia yamepimwa, matokeo yamebandikwa ukutani, na aliyepanga kitabu chenyewe ni wifi yangu. Alitikisa kichwa kuridhika, akahamia kuuliza kuhusu choo. Naikumbuka kalamu yake ilivyoruka ile sehemu. Kama nisingekuwa na wifi msomi, pengine ningesema sijui, na pengine angeandika.

Miezi ikapita kabla hatujafika hospitali kubwa. Huko tulimkuta daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuniuliza habari za maji. Alimfungua Chiriku mdomo, akavuta mdomo wa chini, akatazama ufizi kwa muda mrefu, kisha akaagiza damu. Majibu yalipotoka alinikalisha. Alisema mwanangu ana madini ya risasi kwenye damu, mengi kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumwona kwa macho yake. Madini hayo yanakaa kwenye mifupa na kwenye ubongo. Ana dawa ya kuyapunguza, na tumbo litatulia, rangi itarudi.

Nikamuuliza maneno yatarudi lini.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Kilichokwisha kuharibika kichwani, dawa yangu haikifikii. Wewe tafuta inatoka wapi, uizibe. Ukiendelea kumpa, mimi hapa nafanya kazi bure."

Nilimweleza kuhusu karakana na kisima, na nikamweleza pia kuhusu ripoti. Alifikiri, akasema kama maji yamepimwa na hayana, basi labda ni rangi ya kuta, labda udongo, labda sufuria. Nilirudi nyumbani nikaingia vitani na nyumba yangu. Nilitupa sufuria mbili za zamani. Nilichukua kisu nikaanza kubandua rangi ya mlango, chenga zinaniingia machoni, mama mkwe ananitazama kama mtu aliyeona mkwewe akirukwa na akili, na Chiriku amekaa chini pembeni, kikombe cha maji mkononi, anakunywa.

Nukta alinikuta hivyo. Nilimpa karatasi ya hospitali. Akaisoma, na mnajua alichosema kwanza? Alisema wamebananisha namba na kipimo. Nusura nimrushie kile kisu. Lakini aliendelea kuitazama, na uso wake ukabadilika. Kipimo kilichoandikwa pale kilikuwa mikrogramu. Akaketi kwenye kiti changu cha cherehani, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake kwamba mikrogramu ni kipande cha elfu cha miligramu. Kwamba risasi haihesabiwi kwa moja, mbili, tatu. Inahesabiwa kwa vipande, mbali kule baada ya nukta.

"Niletee laptopu yangu, wifi," alisema.

Nikaileta. Aliuita ukurasa ule ule, na ukaja, safu ya risasi imejaa sifuri zake kutoka juu hadi chini, safi, zimenyooka. Kisha akaenda kwenye faili lenyewe, upande wa amri, anapoandika yeye, na kule namba zilikuwa zimekaa kama watu wa maabara walivyozileta. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Akapanda mpaka juu kabisa, akafuta mstari mmoja. Akabonyeza. Ukurasa ukatoweka, ukarudi.

Mwanzo sikuona tofauti. Kisha nikaiona ile safu. Kisima cha mtaa wetu kilikuwa na 0.043. Cha mtaa wa pili 0.026. Na juu ya safu, pale panapoandikwa kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa, palisomeka 0.01. Nikamuuliza mbona kwenye kile kibandiko ukutani kiwango nacho ni sifuri. Akasema nacho kilitii. Kila namba iliyopewa amri ilitii. Kitabu kizima kilichapwa kikisema kwamba mtu anaruhusiwa kunywa risasi sifuri nukta sifuri na kwamba yeye anakunywa sifuri nukta sifuri, na wasomi wote waliokisoma, waliokipitisha, waliokipiga muhuri, waliona mambo sawasawa.

Nilimnyang'anya Chiriku kikombe. Alinipigia kelele, si kwa maneno. Nukta alikichukua, akaenda kukimwaga nje.

Mama mkwe ndiye aliyefunga mlango. Ni mwanamke mwema, nisimsingizie, na mjukuu wake anampenda kuliko anavyompenda mwanawe wa lori. Lakini alituketisha sote wawili akaanza kutupangia maneno. Tuache kunywa, basi, kimyakimya. Mtoto apelekwe hospitali, apewe dawa. Lakini hili la kompyuta lisitoke nje ya kuta hizi, kwa sababu likitoka, Nukta atafukuzwa, atashtakiwa, mtaa utamla nyama. Tayari mmoja ameumia, tunataka waumie wawili?

"Damu ni nzito kuliko maji, wanangu," alisema.

Nilimuuliza damu ya nani. Nilimwambia damu ya mjukuu wake nimeibeba kwenye karatasi, imepimwa, ina risasi, anataka nimsomee? Sikuwahi kumjibu mama mkwe hivyo tangu niolewe. Alijifuta machozi kwa ncha ya nguo yake, nami sikumwonea huruma, na mpaka leo najaribu kumwonea nashindwa. Walisema wa kale kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema wa kwao wakishakula wafanye nini na majirani waliowakaribisha.

Nukta alikuwa ameinuka, amesimama mlangoni.

"Mama, foleni ya pale kisimani niliipanga mimi," alisema.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa mkuu wake. Ofisi yake ilikuwa na feni, rafu ya vitabu vyenye migongo ya rangi moja, na kiti kimoja cha wageni, kwa hiyo mimi nilikaa na Nukta akasimama kama mtuhumiwa. Alimweleza yote, kwa utaratibu, bila kujitetea, akamwekea kurasa mbili mezani. Mimi nikaweka karatasi ya hospitali juu yake. Yule bwana aliisoma. Alivua miwani akaifuta. Alinipa pole, na naamini ilikuwa pole ya kweli. Kisha akavaa miwani na kuwa mkuu wa kitengo tena.

Alisema kitabu kimekwisha kusainiwa na kusambazwa. Masahihisho yapo, yana njia yake, yanapitia kamati, na yatatoka kwenye toleo lijalo. Kuhusu utaratibu wa tarakimu moja, huo ni wa taasisi, haukutungwa na yeye wala na Nukta. Na akatuomba, kwa upole kabisa, tusizushe taharuki, kwa sababu watu wakiogopa visima watarudi kwenye mifereji, na huko kuna kipindupindu.

"Na tuelewane," alisema. "Kwa tarakimu moja baada ya nukta, jibu ni sahihi. Kihesabu, hakuna uongo uliochapwa."

Nimegombana na wateja walionidhulumu, na madereva, na mume wangu, na kila ugomvi una mahali pa kushika. Huu ulikuwa umenyooka. Nukta alimuuliza amwambie nini mtu atakayemkuta na ndoo. Akasema amwambie asubiri tamko. Akamkumbusha kwamba ukurasa usio na muhuri si ukurasa wa taasisi.

Tukitoka, Nukta alipita kwenye mashine ya kuchapia iliyokuwa kwenye ukumbi, akachapa nakala nyingine ya ukurasa wa kweli. Mkuu wake alimwona kupitia kioo cha mlango. Hakumzuia, hakumruhusu. Alishusha macho kwenye karatasi zake.

Tulifika kisimani jua likiwa kali, foleni imezunguka kibanda. Nukta akabandika ukurasa mpya kando ya ule wa zamani, akageuka, akaanza kusema. Masikini wifi yangu, hakujua kusema na watu. Alianza na amri, akaenda kwenye tarakimu, akaeleza mfumo unavyokata namba na kuacha faili kama lilivyo, na wanawake wakamtazama kama mtu anayewauzia kitu. Mwisho akasema waziwazi kwamba maji haya yana risasi, tena mara nne ya inayoruhusiwa, na wasiyanywe.

Aliyemjibu ni Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa tatu, mwanamke wa mizaha, ambaye watoto wake mapacha walikuwa bado wa kubebwa, mmoja mgongoni, mwingine ubavuni. Chiriku alikuwa rafiki yake mkubwa. Kila alipopita dirishani kwetu alikuwa anamuuliza habari za kutwa, naye alipewa zote.

"Juzijuzi ulisimama hapohapo ukatusomea sifuri," alisema Mama Pacha. "Leo si sifuri tena. Na hii ya sifuri ndiyo yenye muhuri. Sasa mwenzetu, kesho utatusomea ngapi?"

Watu walicheka. Mwingine akasema huenda wenye maji ya ng'ambo ya barabara wamemtuma. Mwingine akasema mambo ya kazini kwake amalizane nayo kazini kwake. Nikaingilia, nikasema mwanangu anaumwa, nikapunga karatasi ya hospitali, na sauti moja nyuma ikanipa pole na kuongeza kwamba kuuguza kunachosha kichwa. Ndoo zikasogea. Bomba halikufungwa hata kidogo, maji yalikuwa yanamwagika ndani ya ndoo muda wote tuliokuwa tukiwaambia.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilirudi nyumbani, nikamchukua Chiriku kutoka mikononi mwa bibi yake, nikamleta kisimani, nikamsimamisha mbele ya foleni kama mtu anayeonyesha kitambaa kwa wateja. Nilijichukia wakati nafanya hivyo na nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa nimemficha ndani muda mrefu, kwa aibu, nikisema anaumwa tumbo. Hawakuwa wamemwona alivyo.

Nikamwambia amwamkie Mama Pacha.

Alinitazama mdomoni, kama anangoja maneno yatoke humo aone yana umbo gani. Akageuka akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akatabasamu, akachuchumaa kwa shida na watoto wake wawili ili macho yao yalingane.

"Haya, Chiriku," alisema. "Nipe habari za kutwa."

Chiriku akafungua mdomo. Ilitoka sauti, moja, nzito, ya koo. Akaona haikufika, akakunja uso, akanyoosha kidole kwenye ndoo ya Mama Pacha. Alikuwa na kiu, jua lilikuwa kali. Na Mama Pacha, ambaye amempa mwanangu maji mara nyingi kuliko ninavyojua, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo hufanya mtoto akiomba maji. Alitumbukiza kikombe, akakijaza, akampa.

Nukta alikipiga kikombe kile kwa kofi. Kiliruka mpaka ukutani. Chiriku akaanza kulia, akampiga shangazi yake tumboni kwa ngumi, akainama akajaribu kuyachota maji yaliyomwagika kwenye saruji, na ilibidi tumshike wote wawili, mimi miguu, yeye mikono, huku analia kwa ile sauti moja. Hapakuwa na neno hata moja ndani yake. Mtoto aliyekuwa anaweza kukwambia paka kazalia wapi.

Mtu mmoja akafunga bomba. Sikuona ni nani.

Mama Pacha alikuwa bado amechuchumaa. Alimtazama Chiriku, akaitazama ndoo, akausogeza mkono wake nyuma taratibu akamshika mguu yule wa mgongoni. Yule wa ubavuni alikuwa ananyonya chupa yake ya maziwa ya unga, macho yamelegea kwa usingizi. Akaivuta ile chupa. Mtoto akaamka, akaifuata kwa mdomo.

"Wako aliacha kusema lini?" aliniuliza. "Maana wangu bado hawajaanza."